Siti ya Nyuma ya Mmarekani

Nimefunga gereji yangu ya hapa Lisekese, Masasi, na sikufanya sherehe. Nilipanga spana kwenye sanduku, nikakwangua oili iliyogandamana na mchanga, nikamwambia mke wangu, Mama Felista, kwamba sasa pale uani anaweza kupanda mchicha. Akaniuliza ni mchicha gani utakaoota kwenye oili ya miaka yote ile. Nikaketi, na mgongo ukanikumbusha kwamba wenyewe ulistaafu zamani.

Ninyi vijana mliopitia mikononi mwangu, ambao siku hizi mnachomeka mashine kwenye gari na mashine inawaambia kinachouma, mmeniomba niandike niliyoyaona. Naandika, lakini polepole, maana vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri tangu jeki ya lori iliponiteleza. Anayetafuta humu njia ya kutajirika kwa spana aishie hapa, akalale.

Nilianzia gereji ya misheni, Masasi. Siku ya kwanza mama yangu alinipigia pasi shati jeupe, kana kwamba ninakwenda kipaimara. Fundi mkuu alikuwa Mzee Yohana, Mmakua mwenzangu, mfupi, mkavu, mtu wa maneno ya kubana. Akalitazama lile shati, akauliza, "Umekuja kuimba kwaya?" Kisha akaniwekea karai la nati na bolti zilizolowekwa kwenye petroli, akaniambia nizioshe. Msimu mzima wa mvua niliosha nati. Nilipodhani nimehitimu, akanifunga macho kwa kitambaa na kuniamuru nizitenge kwa kupapasa: za giaboksi huku, za magurudumu kule, za injini pale. Nikikosea, alizichanganya upya.

"Kila nati ina kwao," aliniambia siku niliyopatia zote. "Ukiipeleka ugenini itakubali leo, kesho itakuaibisha barabarani."

Alinifundisha pia kusikiliza injini kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Na alinikataza nyundo. "Injini haipigwi. Ukiipiga haiponi, inavunjika, halafu unabaki na nyundo yako." Nimeona mafundi wengi waliobaki na nyundo zao.

Kutoka misheni nilikwenda gereji ya ushirika, kutengeneza malori ya kubebea korosho. Hiyo ndiyo miaka ya uhaba, na sitaieleza sana kwa kuwa kila mzee anayo hadithi yake ya sabuni. Mimi yangu ni ya gasketi. Tulizikata kwenye makaratasi ya boksi, tukazipaka gundi na kuomba Mungu. Lori likifika Mtwara na kurudi, tulitazamana kama watu waliofufua maiti. Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupanda Newala na Tandahimba na fedha kwenye mabegi, maduka ya Masasi yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau majina yake, magari yaliyotumika Japani yakaanza kuteremka kusini. Ushirika ukayumba. Siku moja tulikusanywa, tukashukuriwa, tukaambiwa twende nyumbani. Nilibeba sanduku langu la spana begani, nikafungua gereji hapa uani, chini ya mkorosho ambao Mama Felista alikuwa akiutegemea kwa kochokocho, yale mabibo ya kukausha. Alinuna mpaka msimu uliofuata.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Hamisi Chilembo.

Chilembo alikuwa dereva wa lori pale ushirika, Mmakonde wa Mkunya, kule juu Newala. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, lakini kwa kuwa Wamakonde na Wamakua ni watani, tulikuwa tumetukanana kwa furaha tangu siku ya kwanza. Nilimpa shikamoo yake kwanza, kama inavyopasa. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye gurudumu, akasubiri pumzi imrudie. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Kisha akaanza.

"Baba Felista, nasikia ushirika umekutupa. Nikasema, hatimaye wameona kuwa Mmakua anakula panya wa stoo yote."

"Na wewe umeteremka huku bondeni kufuata maji ya kuoga, mtani. Karibu. Kisima kile pale."

Alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa hakucheka tena.

"Nataka uniamshie Mmarekani," akasema.

Mnaomjua Mmarekani ni wachache siku hizi. Lilikuwa gari la Kimarekani, milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, injini ya silinda nane, usukani kushoto. Mhandisi mmoja wa barabara alikuja nalo kwa meli, na alipoondoka akamwachia mwenye duka wa Masasi, naye Chilembo akalinunua kwa mwenye duka miaka ile korosho ilipolipa. Lilitengenezwa kwa ajili ya vijana wa Marekani kushindana mbio kwenye lami. Kule Mkunya lilikuwa gari la wagonjwa. Halikuwapo jingine. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku au mchana, watu walimwendea Chilembo, na kumwingiza mama mjamzito kwenye siti ya nyuma ya gari la milango miwili, mwamini msiamini, kulihitaji wanawake wanne na subira. Wengine walifika hospitali ya Newala. Wengine hawakufika, watoto wakazaliwa humohumo, juu ya ile siti. Mmoja wao alikuwa Bakari, mpwa wake Chilembo, mtoto wa dada yake Bi Somoe.

Usukani ukiwa kushoto katika nchi inayoendesha kushoto, dereva haoni mbele anapotaka kulipita lori. Anayeona ni aliyekaa kulia kwake. Huyo alikuwa mkewe, Mama Zuhura. Alichungulia nje ya dirisha na kusema, "Bado... bado..." na njia ikiwa nyeupe, "Twende!" Chilembo akakanyaga. Waliishi hivyo, yeye na mguu, mkewe na macho. Mama Zuhura alifariki miaka ileile petroli ilipoadimika, na tangu hapo Mmarekani hakutoka bandani.

Sasa Bakari alikuwa analitaka gari hilo. Vijana wa mjini huenda hamjui, lakini huku kwetu, Mmakonde na Mmakua sote, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kusubiri mali ya mtu mara nyingi ni mtoto wa dada yake. Dini zote mbili zimekuja na taratibu zao, lakini mjomba bado ni mjomba. Mabinti wa Chilembo walikuwa wameolewa Tandahimba na hawakutaka ugomvi. Bakari alikuwa ameanza kukusanya korosho kwa niaba ya wanunuzi, na alihitaji tela. Alitaka ekseli ya nyuma ya Mmarekani iwe ya tela hilo, na bodi awauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, kama kila mtu miaka ile.

Shauri lilifika kwa Bi Somoe, mkubwa wa ukoo, naye akaamua. Chilembo alinirudilia maneno yake akiiga sauti ya dada yake:

"Kitu kinachotembea hakichinjwi. Likifika hapa uani kwa miguu yake kabla korosho hazijaanza kuanguka, halikatwi, nikiwa hai. Lisipofika, Bakari achukue shoka."

"Na kwa nini usinunue gari la Mjapani, mtani, ukapumzika?" nilimuuliza.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini asibadilishe mama. "Mle ndani ndimo alimokaa Mama Zuhura," alisema. "Na kifua hiki hakinipi muda wa kuzoea gari lingine."

Basi nikakubali. Uchovu wangu wote wa baadaye nauhesabu kuanzia siku ile.

Mmarekani alivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori mpaka hapa. Nilipofungua mlango nilirudi nyuma. Harufu ilikuwa ya kiberiti, kali, na ndani kila kitu kilikuwa cha njano: dashibodi, usukani, mkeka wa chini. Siti ya mbele ilikuwa na mifuko iliyopasuka ya salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho ili maua yasiungue.

"Nani kaweka salfa humu?"

"Mimi," alisema Chilembo. "Stoo ilikuwa inavuja. Gari ndilo lililokuwa na paa zuri kuliko nyumba zote pale kwangu. Salfa ikilowa si umeishiwa?"

Nilishika waya mmoja chini ya usukani. Ukakatika mkononi kama jani kavu. Ndani shaba ilikuwa nyeusi. Nikashika mwingine, nao vilevile. Salfa na shaba hazikai nyumba moja, hasa msimu wa unyevu. Salfa inaila shaba kimyakimya mpaka inaimaliza. Waya zote, mkia mpaka kichwa, zilikuwa zimekwisha, na sehemu za kugusana kwenye stata na dinamo pia. Mkulima wa mahali pengine angetia kuku ndani ya gari. Kosa hili ni letu wenyewe, watu wa korosho. Mtu alichukua mali aliyoithamini akaificha ndani ya mali aliyoithamini, na moja ikaila nyingine.

Chilembo alikaa kwenye gurudumu akashika kichwa. Sikuwa na moyo wa kumtania. Nilimwambia waya ni waya, zitapatikana.

Zilipatikana, kwa kuwa ilikuwa ruksa, lakini ruksa ina mambo yake. Duka la Masasi lilikuwa na waya wa umeme wa nyumba, mwingi, na wote mwekundu. Ninyi mnajua fundi anasoma waya kwa rangi. Nilitandaza gari zima kwa waya mwekundu, na Mama Felista akaninusuru kwa nyuzi za cherehani yake: alifunga uzi mweupe kwenye waya wa taa, wa bluu kwenye honi, wa kijani kwenye stata. Hakunisemesha sana, kwa sababu ya mkorosho wake, lakini alifunga.

Injini ilikuwa imekamata. Pistoni zilishikana na silinda kwa kutu, haizunguki hata kwa watu wawili kwenye bomba la chuma. Bakari alitokea siku hizo. Aliniamkia vizuri, akamwamkia mjomba wake, kisha akaenda nyuma ya gari na kipande cha mwanzi, akakilaza chini usawa wa ekseli, akakivunja pale upana ulipoishia.

"Unapima nini, Bakari?" nilimuuliza.

"Napima tu, fundi. Kupima si kukata."

"Mchimba kaburi naye husema hivyo."

Akacheka, kwa kuwa mtani hanuniwi, lakini mwanzi wake aliondoka nao. Mjomba wake alinigeukia. "Chukua nyundo, mtani. Piga. Muda umekwisha."

Nilimwambia injini haipigwi. Nilichomoa plagi zote nane, nikamimina kwenye kila tundu mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, nikaziba kwa matambara, nikaacha. Kila asubuhi na jioni nilijaribu kuitikisa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kwa bomba, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kulazimisha. Haikujibu. Nikaongeza mafuta. Chilembo alilala chumba cha mbele kwangu kwa sababu kupanda na kuteremka kulimchosha, na kila nilipoingia kula aliniuliza kwa nyusi tu. Nilijuta mara nyingi moyoni kwamba nilikubali. Magari ya Kijapani yalikuwa yamepanga foleni nje, yenye shida ndogondogo za kulipika, na mimi nilikuwa nabembeleza chuma kama ninayebembeleza mtoto wa mtu.

Siku iliyojibu ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Nilisukuma bomba nikiwa nafikiria jambo jingine, flaiwili ikasogea. Kidogo sana, upana wa ukucha. Nikaogopa kumwita mzee, nikasukuma tena, ikasogea tena. Nilipomwita sauti yangu ilikuwa mbaya hata Mama Felista alitoka jikoni na mwiko akidhani nimekatwa na kitu.

Mengine yalikuwa kazi. Mipira ya breki ilitoka kwenye Landrova. Radieta niliiziba kwa lehemu mpaka ikawa na lehemu nyingi kuliko radieta. Sakafu iliyooza niliibandika bati la debe, na aliyelala chini ya gari aliweza kusoma bado maandishi ya mafuta ya kula. Rangi ya chungwa, kama yake ya zamani, niliipuliza kwa bomba la mkono la dawa ya mbu, tabaka juu ya tabaka, mpaka kidole kikavimba. Siti ya mbele niliitupa, salfa ilikuwa imeipenya, nikafunga ya Landrova. Siti ya nyuma Chilembo hakukubali itupwe. Ngozi yake ilikuwa imepasuka na magodoro yameliwa na panya. Mama Felista aliijaza sufi kutoka kwenye msufi wa jirani, akaishona kwa turubai. Upande wa kushoto springi moja ilikuwa imelegea, na alipotaka niibadilishe Chilembo akakataa.

"Iache hiyo," alisema. "Hapo ndipo akina mama walipokuwa wanajikaza."

Injini ilipowaka, majirani walidhani nimeleta mashine ya kusaga. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, inaingia tumboni kabla ya masikioni. Niliweka bisibisi nyuma ya sikio nikasikiliza silinda moja moja. Zote nane zilikuwapo, mbili zikilalamika. Chilembo alilia wazi mbele ya watu, hakujificha, nami nikajishughulisha na kabureta ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mikorosho ilikuwa na mabibo mekundu tayari tulipoondoka kwenda Mkunya. Yeye hakuwa na nguvu za kukanyaga klachi, kwa hiyo niliendesha mimi, naye akakaa kulia. Tulipotoka Masasi akachungulia nje ya dirisha.

"Leo nimekaa kwa Mama Zuhura," alisema.

Mbele yetu kulikuwa na lori la magunia linatimua vumbi. Sikuona kitu. Nikasikia sauti yake, nyembamba, imejaa kazi: "Bado... bado... pikipiki hiyo, bado... twende!" Nikakanyaga. Mmarekani alikumbuka alikotoka. Tulilipita lori lile na moyo wangu ukabaki nyuma yake, na mzee alikuwa anacheka bila kukohoa.

Mlima wa kupandia Newala ulitukata maneno. Katikati ya mlima mshale wa joto ukalala kulia kabisa na mvuke ukatoka kwenye boneti. Tulimimina dumu la kwanza la maji kwenye radieta, kona mbili mbele tukamimina la pili, na kwenye kona ya mwisho tukasimama bila tone. Mnajua maji kule juu yalivyokuwa. Wanawake waliyafuata bondeni na kupanda nayo kichwani mlima huohuo. Mmoja alikuwa anapanda, ndoo kichwani, wala hakugeuza shingo.

"Shikamoo, mama," nilimwambia, ingawa alikuwa wa umri wangu. "Tunaomba maji ya gari."

"Haya ni ya ugali, baba. Gari halili ugali." Akapita. Kisha akasimama, akazunguka na mwili mzima, ndoo haikutikisika. "Hili si la Chilembo wa Mkunya?"

"Ndilo. Mwenyewe huyu hapa."

Alimwangalia mzee kwenye kiti, akaangalia siti ya nyuma. "Dada yangu lilimfikisha," alisema. Akaitua ndoo, akangoja injini ipoe, akamimina mwenyewe kwenye radieta, polepole, akaacha nusu. "Hiyo nyingine ni ya ugali kweli," alisema, akaenda zake. Sikujua jina lake na sijalijua mpaka leo.

Tuliingia uani kwa Bi Somoe kwa mwendo wa kobe, mvuke ukitangulia. Korosho zilikuwa bado ziko juu ya miti. Bi Somoe alitoka na fimbo yake, akalizunguka gari lote, akaligonga boneti kwa kidole. Bakari alisimama kando, kofia mkononi.

"Limefika," Bi Somoe alisema. "Halikatwi."

Bakari akaitikia, "Haya, mama." Alikwenda kutafuta ekseli kwingine.

Chilembo alikaa kwenye gari lile karibu kila siku baada ya hapo, limesimama, mlango wazi, upande wa kulia. Msimu wa korosho uliisha, na kabla ya mvua kubwa naye akaisha. Nilifika kwa basi siku ya pili ya msiba. Watani tuna kazi yetu msibani, nayo si ya kulia. Nilichukua kofia ya marehemu, nikavaa koti lake, nikawasha Mmarekani na kuingia nalo katikati ya waombolezaji nikipiga honi, nakohoa kikohozi chake. "Bado! Bado! Wamakonde hawa wamejaa barabarani, bado!" Wanawake waliokuwa wanalia walianza kucheka huku machozi yanatoka, wengine wakanirushia pumba. Kisha nikazima gari, nikaufunga ufunguo kwenye kitambaa changu.

"Nimeuteka," nikatangaza. "Na haukombolewi ila na aliyezaliwa humu ndani, yule aliyekuja kwangu na mwanzi kulipima tumbo lililomleta."

Uani kote waligeuka kumtazama Bakari. Mtu mwingine angemwambia maneno hayo, pangemwagika damu. Mimi ni mtani, ilibidi acheke, na alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Akaleta jogoo. Nikakataa. Akaleta jogoo wa pili. Nikampa ufunguo mkononi, na kwa sauti ya chini akaniambia, "Umenimaliza, mtani." Nilimjibu kwamba ndiyo kazi.

Baada ya hapo nimetengeneza magari ya Japani mpaka nikayachoka. Ni magari mazuri. Likiharibika kitu, unakitoa, unaweka kingine, mwenyewe anaondoka hata hujamjua jina. Sisemi zamani kulikuwa bora. Zamani nilikata gasketi kwenye boksi. Nasema tu kwamba mikono yangu haikumbuki hata moja kati ya hayo, ila inamkumbuka Mmarekani kwa kila nati. Bakari hakuligusa. Alilifunika turubai, akalitoa kwa harusi mbili tatu, kisha petroli ikamshinda, likabaki bandani. Bi Somoe aliishi sana, na neno lake likaishi naye.

Alifariki mwaka jana. Niliyafikiria maneno yake, "nikiwa hai," lakini sikwenda Mkunya kuuliza. Nilikuwa sina nguvu ya kusikia jibu.

Jibu lilikuja lenyewe, wiki ileile niliyofunga gereji. Pikipiki ya magurudumu matatu ilisimama getini, na Bakari akashuka kwa shida. Ana mvi sasa, na kifua cha mjomba wake. Nyuma alikuwa amefunga kitu kirefu kwa kamba za mpira. Niliijua ile siti ya nyuma kwa turubai lake kabla hajaifungua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekata?"

"Nimekata. Banda lilianguka, kutu ilikuwa imefika kila mahali, na watoto walikuwa wanaumia." Alifuta uso. "Nilishika shoka kuanzia mbele. Nilipofika hapa nikashindwa. Nimezaliwa juu yake, nitaikataje? Na nyumbani kila anayeipita ananiangalia."

Nilikuwa na ruhusa ya utani ya kumsema mpaka jua litue. Sikuitumia. Tuliishusha wote wawili, tukaiweka pale uani ambapo mchicha usingeota, tukaielekeza kwenye ukuta wa jiko. Akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo, akanipa. Ndani zilikuwa nati zake nne, amezisafisha kwa petroli. Nilizipapasa nikiwa nimefumba macho. Nilizijua. Kila nati ina kwao, na hizi kwao hakupo tena.

"Upande gani?" aliniuliza.

Nilimwonyesha kushoto, kwenye springi iliyolegea. Akakaa, ikalia chini yake. Mimi nikakaa kulia. Mama Felista alituletea ming'oko ya kuchemsha, viazi vyetu vya porini, akatuangalia wazee wawili kwenye siti ya gari lisilokuwapo, akarudi jikoni.

"Mjomba alikuwa anasemaje vile, akikaa upande huo ulipo?" Bakari aliuliza.

"Bado," nilimwambia. "Bado."

Akasubiri neno la mwisho, nami najua analijua. Tulikaa hivyo mpaka ming'oko ikapoa, tukiutazama ukuta, na hakuna kati yetu aliyesema twende.